Kompyuta ya gemu inajizima ghafla katikati ya mchezo, nianzie wapi?

Muuliza: Wakuu, naombeni msaada. Kompyuta yangu kwa kazi za kawaida haina shida, inakaa imewashwa siku nzima. Nikifungua gemu nzito tu, baada ya muda skrini inakuwa nyeusi, feni zinanyamaza, halafu inajiwasha yenyewe. Hakuna skrini ya buluu (ile ya kosa la Windows) wala ujumbe wowote. Pawa saplai ni ya wati 650, kadi ya grafiki inakula kama wati 300. Mmoja kaniambia ninunue RAM mpya, mwingine anasema kadi imekufa. Inaniumiza kichwa, na sitaki kutoa hela kwa kubahatisha.

Mchangiaji wa 1: Usinunue kitu kwanza, angalia joto. Pakua HWiNFO, programu ya kusoma joto la vifaa, iache irekodi kwenye faili wakati unacheza, ikizima usome mistari ya mwisho. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100, kwa hiyo shida ya joto mara nyingi huanza na gemu kukwamakwama. Vumbi kwenye feni safisha hata kama silo lenye kosa.

Mchangiaji wa 2: Joto sawa, ila namna inavyozima inasema mengi. RAM au draiva ikiwa na tatizo, kwa kawaida unapata skrini ya buluu, au gemu inajifunga peke yake na Windows inabaki hai. Kuzima papo kwa papo hivyo mimi nashuku umeme. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute tukio la Kernel-Power 41. Tukio hilo halitaji chanzo, linasema tu kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu. Ndani yake soma BugcheckCode, yaani namba ya kosa: ikiwa 0, Windows haikupata nafasi hata ya kuandika kosa. Kisha ingia MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi ya grafiki, shusha kiwango cha umeme wa kadi hadi asilimia 70, ucheze gemu ileile.

Muuliza: Kadi iliishia nyuzi 71, prosesa 78. Tukio la 41 lipo, na namba ni 0. Nikiwa kwenye asilimia 70 haizimi kabisa; nikirudisha 100, inazima. Ina maana wati 650 hazitoshi?

Mchangiaji wa 2: Si lazima. Hizo 300 ni wastani. Kwa milisekunde chache kadi huvuta umeme mwingi kuliko hapo, na pawa saplai ikiona mruko huo inaweza kujizima ili kujilinda. Fungua kesi utuambie: kadi ina matundu mangapi, na inalishwa na nyaya ngapi?

Muuliza: Matundu mawili ya pini 8, waya mmoja wenye vichwa viwili. Niliipokea ikiwa hivyo.

Mchangiaji wa 3: Anzia hapo. Tundu la pini 8 limepangiwa wati 150, na sloti ya mazabodi inatoa hadi 75. Waya mmoja ukibeba mzigo wa matundu yote mawili, volti zinashuka pale kadi inapovuta sana. Weka nyaya mbili, kila tundu na wake. Lakini tafadhali sana, tumia zilizokuja na pawa saplai hiyohiyo. Upande wa kadi pini zinafanana, upande wa pawa saplai watengenezaji hupanga tofauti, na waya wa kuazima unaweza kukuunguzia vifaa hata kama umeingia vizuri. Zima swichi ya nyuma na uchomoe kabla ya kugusa chochote.

Muuliza: Waya wa pili ulikuwa kwenye boksi. Nimeuweka, nimerudisha asilimia 100, nimecheza jioni nzima bila kuzima. Asanteni sana wakuu! XMP (mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM) nilikuwa nimeizima kwa hofu, niiwashe?

Mchangiaji wa 2: Iwashe, kisha pitisha MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku. Likitokea kosa hata moja, izime XMP tena. Na kompyuta ikirudia kuzima, jaribu pawa saplai nyingine nzima, pamoja na nyaya zake, kabla hujailaumu kadi.