Bourbon ya bei ya kawaida: mbovu, au mimi ndiye sijui kuonja?

Mtunza Ghala (Mtwara mjini)

Wakuu, habari za jioni. Wazoefu wa wiski naomba msogee hapa.

Mimi ni kijana wa ghalani. Msimu wa korosho ukifika silali. Nahesabu magunia, nanusa magunia, naota magunia. Safari hii mkono umekaa vizuri, nikasema nimnunulie mjomba kitu. Mjomba yuko Newala. Enzi zake kule juu ya uwanda watu hawakununua nipa, ile pombe kali ya mabibo ya korosho, mpaka yeye aionje. Walimfuata na vichupa kama wanavyomfuata mganga. Sasa umri umekwenda, anakunywa kidogo sana, ila pua bado ipo. Huyo si mtu wa kupelekewa bora kinywaji.

Nikaingia dukani na bajeti ya katikati: juu ya Konyagi, chini ya zile za kwenye maboksi zenye miaka 12. Muuzaji akanishushia Jim Beam ya lebo nyeupe, kileo asilimia 40. "Hii bourbon, ya Mmarekani." Kwa hela ile ningepata Konyagi kubwa tatu na chenji ya pweza.

Kosa langu ni hili: nimeifungua. Niliwahi kuuziwa feki, sitaji wapi, nikaogopa kumpelekea mzee chai ya rangi ndani ya chupa nzuri. Nikamimina kwenye kikombe cha bati, saa tisa mchana, umeme umekatika, feni imelala. Kunusa tu: vanishi. Haki ya Mungu, kama umeingia kwa seremala siku anayomaliza kabati la bibi harusi. Nikapumzika, nikanusa tena. Chini ya vanishi kuna karanga, si za kukaanga, zile mbichi za ganda jekundu zilizokaa kwenye gunia. Mdomoni, ncha ya ulimi utamu, katikati mbao, kooni moto. Kisha basi, imekwisha. Nilidhani itakaa kaa, wapi.

Jirani yangu, ambaye hakuna harusi anayokosa meza ya mbele, kaonja akasema hiyo ni ya kuchanganyia soda, wiski ni ya Uskochi tu, hizi za mahindi ni gongo iliyovaa suti.

Nauliza: nilichokipata ndivyo inavyotakiwa iwe, au nimepigwa? Na wiski ya bei hii mtu anaipimaje bila kuionea wala kuibeba? Jumamosi napanda basi.

Mchapo wa Bandarini

Umefungua zawadi ya mjomba kabla mjomba hajaiona? Kwa Wamakonde hicho ni kikao, mkuu. Andaa na kuku kabisa.

Dada wa Kaunta (Shangani)

Kaka Ghala, pole. Hukuionja bourbon, ulionja joto.

Nimesimama kaunta miaka tisa. Kile kikombe cha bati mrudishie mwenye chai yake. Tafuta glasi inayobana juu, hata ile ya mvinyo, harufu ikusanyike. Wanaosema wiski inywewe kwa joto la chumba walikuwa na vyumba vyao huko kwenye baridi; chumba chako cha Mtwara saa tisa, umeme hakuna, ni jiko. Kileo kinapanda chote puani, na hiyo ndiyo nusu ya vanishi uliyonusa. Iweke chupa kwenye friji kama dakika 20, usiipeleke kwenye barafu ikaganda ladha. Mimina kidole kimoja. Usitumbukize pua kama unanusa samaki sokoni. Ishike glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta taratibu.

Funda la kwanza halihesabiwi, hilo ni la kuamsha ulimi. La pili ndilo la hukumu. Lizungushe, litafune kama unatafuna. Ukimaliza nusu, tia maji kijiko kimoja cha chai, maji safi yasiyo na chumvi (na mjini hapa unajua mwenyewe yapi), onja tena. Kuna wiski hufunguka kwa maji, na kuna inayogeuka uji wa mgonjwa. Hapo utajua. Na kabla yake usile pweza wa pilipili, maana wateja wangu wanakula sahani nzima kisha wananiambia kinywaji kinachoma.

Kuhusu feki: angalia stempu ya TRA, wale wa kodi, pale kwenye kifuniko, ipige kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu. Kifuniko kiwe kilivunjika mikononi mwako. Halafu nina kipimo changu cha kienyeji: ukimaliza usioshe glasi. Ifunike na sahani, inuse asubuhi. Wiski iliyokaa kwenye pipa huacha kitu chini ya glasi. Spiriti yenye rangi haiachi kitu, au inaacha harufu ya hospitali.

Pwani ya Mnazi Mmoja (Lindi)

Naongezea alipoishia dada. Nilisoma Kentucky, kule Marekani nyumbani kwa bourbon, miaka miwili, na maisha ya mwanafunzi yalinifundisha chupa za rafu ya chini kuliko darasa lilivyonifundisha.

Hiyo mbao inayokukera ndiyo bourbon yenyewe. Sheria ya Marekani inataka nafaka zake mahindi yawe angalau asilimia 51, na ikae kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani kwa moto. Sikia neno *kipya*. Pipa linatumika mara moja, basi, halirudi tena kwenye bourbon. Moto ule unaikausha mbao na kuamsha sukari iliyomo, ndiyo maana unapata vanila na sukari ya kuungua, na wiski ikiwa bado changa unapata useremala. Mapipa yakishatumika wanauza, na mengi huvuka bahari kwenda Uskochi. Kwa hiyo mwambie jirani kwamba Mskochi wake wa meza ya mbele, mara nyingi sana, kalelewa kwenye pipa ambalo bourbon ililiacha. Mbao yake ni laini kwa sababu makali yalishanyonywa na mwenzake. Kulinganisha hizo mbili ni kama kumlaumu pweza kwa sababu si samaki changu.

Karanga nayo usiishangae. Wanywaji wengi wa Jim Beam wanaitaja, hasa hiyo nyeupe. Pua yako nzima, mkuu.

Soma lebo. Ikiwa na neno *Straight*, imekaa kwenye pipa si chini ya miaka 2, haikutiwa rangi wala ladha, maji tu. Hiyo yako ina miaka 4. Uskochi rangi ya karameli inaruhusiwa. Hapa rangi yote imetoka kwenye mbao. Ikitoka mtamboni haitakiwi kuzidi asilimia 80, inaingia pipani isizidi 62.5, na kwenye chupa isipungue 40. Yako iko kwenye 40, yaani wamefika ukingoni mwa sheria wakasimama. Ndiyo sababu ya ile "kwisha" yako. Maji mengi, mwisho mfupi.

Mimi kwa bei hiyo naipima hivi: je, ina kasoro au ina upungufu tu? Kasoro ni harufu ya kuoza, uchungu wa dawa, chuma. Upungufu ni wembamba. Lebo nyeupe ina upungufu, kasoro sijaikuta. Ukipata siku moja Wild Turkey 101, ile ni asilimia 50.5, utaona karibu mambo yale yale lakini yana mwili. Au chupa yoyote iliyoandikwa *Bottled in Bond*. Sheria yake ni ya 1897, inataka kiwanda kimoja, msimu mmoja wa upishi, miaka isiyopungua 4, asilimia 50 kamili. Huko Marekani nyingine si ghali kabisa. Huku kwetu kuipata ni bahati.

Bibo Kavu (Tandahimba)

Wasomi mmejaa. Mnalipia mbao na maji. Huku lita ya nipa safi ya mabibo bei ya vocha, haina lebo, haina pipa, haina Kentucky, na mtu analala.

Dada wa Kaunta (Shangani)

Bibo Kavu, wengine walilala hawakuamka. Mpishi mwenye haraka hamwagi ya kwanza inayotoka bombani, wewe mteja huioni. Tena umeandika lita na bei hadharani, polisi nao wana simu.

Bibo Kavu (Tandahimba)

Nimesema *huku*, sijasema kwangu.

Mtunza Ghala (Mtwara mjini)

Wakuu nimerudi, nina mrejesho. Ndefu kidogo.

Stempu ilikubali, tuanzie hapo. Ijumaa usiku nikafuata maelekezo ya dada: friji, glasi ya mvinyo ya kuazima, funda la pili. Vanishi ilipungua karibu yote. Ikatokea sukari ya kuungua, kama ile inayobaki kwenye sufuria ukichelewa kuepua. Maji ya kijiko hayakuisaidia, ikalegea. Nikaandika kwenye daftari la ghala: *isitiwe maji*.

Jumamosi nikapanda, Nanyamba, Tandahimba, mpaka Newala, chupa nimeipakata kama mtoto. Kule juu kuna ubaridi jioni, nyie wa pwani mnajua. Mjomba nikamwamkia, nikamweleza ukweli kwamba nimeifungua na kwa nini. Hakusema kitu kuhusu hilo. Alisema "lete".

Hakuomba glasi kwanza. Aliitikisa chupa, akaiinua kwenye mwanga wa mlangoni, akaangalia mapovu. Nipa kali ikitikiswa povu lake ni kubwa na linapasuka upesi. Ikiwa imepunguzwa linakuwa dogo na linabaki kuzunguka shingoni. Aliangalia muda, akaniuliza bila kunitazama: "Mpwa, hii nani kaitia maji?"

Nikacheka nikamwambia wenyewe, kiwandani, sheria inawaruhusu mpaka 40. Akasema Newala hii watu wamezeeka wakitafuta maji, ndoo kichwani, na wewe umesafiri siku nzima kuniletea maji ya Mmarekani. Mkaza mjomba alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akamwaga tone kiganjani, akasugua viganja viwili mpaka vikakauka, akafunika pua. Hapo ndipo alipokaa kimya. Akasugua tena. "Mahindi," alisema. Mimi sikuwa nimemwambia. "Mahindi, na gogo lililoungua." Akataka kujua gogo limeingiaje, nikamweleza ya Pwani ya Mnazi Mmoja yote, pipa jipya, moto ndani, miaka 4, pipa halirudiwi. Lile la kutorudia lilimuuma. Aliuliza mara mbili. Mtu anachonga pipa zima la mti mgumu, analitumia mara moja? Nikamwambia wanawauzia Waskochi. Akasema ahaa, hao ndio wenye akili.

Swali lake jingine, kabla ya kuonja: ya kwanza wanamwaga? Nikamjibu kwamba viwanda vikubwa vina namna yao ya kuitenga. Akaitikia kwa kichwa, akaonja. Funda dogo, akalishikilia, shavu la kushoto, shavu la kulia. Wala hakukunja uso. Nilingoja kama mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Hukumu yake naiweka kama ilivyo: "Aliyeipika hakuwa na haraka. Aliyeipunguza alikuwa nayo." Safi, haina hila, tumbo halitalalamika, ila inaondoka kabla hujamaliza kuisalimia. Akauliza hiyo ya 50 bei gani. Nikasema sijaiona Mtwara. Akasema basi nikiiona.

Cha ajabu, kule juu kwenye ubaridi hata mimi niliipenda zaidi, bila friji, bila chochote. Mbao ilikaa nyuma, utamu ukatangulia. Jirani yangu nitampelekea lile la mapipa, nione atakavyojitetea.

Hakunywa zaidi ya vidole viwili. Alifunga chupa, akaifungia kwenye sanduku lenye nguo za kwendea kanisani. Glasi nikaifunika na sahani kama dada alivyosema, nikaiacha juu ya meza.

Asubuhi nimeamshwa na sauti ya mkaza mjomba anakusanya vyombo. Kafunua sahani, kanusa, kanusa tena, akaita nje kwa wajukuu: "Nani kala kashata za karanga humu usiku?"