Laptopu na shingo: skrini ikae juu kiasi gani?

Wakuu, kwa mtu anayeshinda kwenye laptopu saa nane kwa siku, skrini iwe juu kiasi gani shingo isiume? Stendi pekee inatosha?

Jibu 1:
Haitoshi, tena inaweza kuhamishia maumivu mabegani. Skrini na kibodi vimeungana, ukipandisha kimoja na kingine kinapanda. Inua laptopu hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho au ushuke kidogo, umbali wa sentimita 50 hadi 70, kisha chomeka kibodi na mausi za nje. Viwiko vikae karibu na mbavu, vikunjwe nyuzi 90 hadi 110. Vifundo vya mikono visipinde juu.

Jibu 2:
Mkuu, anza na kiti kwanza. Meza ikiwa juu sana, pandisha kiti halafu weka kibao chini ya nyayo. Bila kibao miguu inaning'inia, ukingo wa kiti unabana mapaja, ganzi inaingia.

Jibu 3:
Naongezea: mwenye miwani ya lenzi mbili (kila kioo juu ni cha kuonea mbali, chini cha kusomea) ashushe skrini zaidi, la sivyo atainua kidevu kutwa nzima. Na simama kila baada ya dakika 30 hivi, hata kama mkao ni mzuri.