"Spoil" ni kuharibu, sasa mbona simu "haispoil"?

Swali: Wakuu, kamusi inasema "spoil" ni kuharibu. Lakini ukiandika "My phone is spoilt" unasahihishwa. Kosa liko wapi, na simu imeharibika kweli? Pia "spoiled" na "spoilt" zinatofautianaje?

Jibu 1: Mkuu, shida inaanzia kwenye "haribika" yetu. Inabeba kila kitu: simu, maziwa, safari, hata mimba. "Spoil" haina mabega mapana hivyo. Yenyewe ni kuondoa ubora au utamu. Kitu kinachoharibika chenyewe, bila kutaja aliyekiharibu, kwa kawaida ni chakula: "The milk has spoiled", yaani yamechacha. Simu sema "isn't working" au "is broken". Gari likizimika njiani, "has broken down". Ile "spoilt" ya mashine utaisikia sana Afrika Mashariki na Nigeria na watu wanaelewana, ila kwenye barua ya kazi au mtihani iepuke.

Pima pia uzito. "Rain spoiled the wedding": harusi ilifungwa, ila raha ilipungua. "Ruined": sherehe ilivurugika kabisa. Neno hilohilo likiwa jina, "ruins", ndiyo magofu, kama ya Kilwa Kisiwani. "Damaged" ni kitu kilichopata hitilafu, mara nyingi bado kinatengenezeka.

Jibu 2: Wamarekani huandika "spoiled" karibu kila mahali. Uingereza zote mbili ni sahihi, ila mbele ya jina wengi hupenda "spoilt": "a spoilt child". Na hapo msitafsiri "mtoto aliyeharibika" jamani, ni mtoto aliyedekezwa! "She spoils her grandchildren" ni bibi anayewadekeza wajukuu, mara nyingi kwa maana nzuri tu. Kwenye uchaguzi ndiko tafsiri ya moja kwa moja inakaa vizuri: "spoilt votes", kura zilizoharibika.

Muuliza swali: Nimeelewa, asanteni. Na "spoils of war" inaingiaje hapo?

Jibu 1: Hiyo ndiyo maana ya zamani. Asili ni Kilatini "spoliare", kuvua au kupora, ikapitia Kifaransa cha kale. "Spoils" ni ngawira, yaani mali iliyoporwa vitani. Maana ya kuharibu ilikuja baadaye. Ukikuta "He is spoiling for a fight", hakuna kilichoharibika: anatafuta ugomvi kwa hamu. Msemo huo huhitaji "-ing" na "for". "He spoils a fight" haileti maana hiyo.