Naombeni ushauri: Jenerali Erfurth nimwache au niendelee naye?

Tasnifu_Ngumu: Wakuu, habari za majukumu. Nasoma shahada ya pili ya historia. Mada yangu ni Waldemar Erfurth, jenerali wa Kijerumani aliyekaa Mikkeli, makao makuu ya jeshi la Ufini, 1941 hadi 1944, Ufini ilipopigana na Urusi bega kwa bega na Ujerumani, akiwa kiungo kati ya Berlin na Mannerheim, mkuu wa majeshi ya Ufini. Jenerali mzima, lakini pale hakuwa na jeshi la kuamuru. Kazi yake kuomba, kusikiliza, kuripoti. Msimamizi anataka nibadili mada. Usingizi sipati.

Mama_Shubiri: Wajerumani wa kwetu wameisha, mwanangu? Shika Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza hapa kwetu Vita vya Kwanza vya Dunia. Nyaraka za enzi zao ziko Dar, unapanda daladala tu.

Fundi_Reli: Niliwahi kuwa kiungo kati ya mkandarasi na wanakijiji. Kila upande uliamini nimenunuliwa na wenzao. Mpaka mbuzi aliyegongwa nilidaiwa mimi. Namwelewa sana huyo mzee.

Mwl_Nyange: Alimtumikia Hitler. Usije ukampamba.

Tasnifu_Ngumu: Simpambi, mwalimu. 1941 Wajerumani walitaka Wafini waishambulie Leningrad, mji wa Urusi, Mannerheim akagoma. Reli ya Murmansk, iliyopitisha misaada ya Waingereza na Wamarekani kwenda Urusi, walitaka ikatwe. Hapo nako Mannerheim hakufika walikotaka. Erfurth yuko katikati, anabembeleza.

Mzee_wa_Nyaraka: Msimamizi katoa sababu gani? Hapo umeparuka.

Tasnifu_Ngumu: Anasema nategemea chanzo kimoja, kitabu alichoandika Erfurth mwenyewe, cha 1950. Na… Kijerumani sisomi. Natafsiri kwa simu.

Kiroboto: 😂😂 Mshtakiwa, wakili na shahidi, wote mtu mmoja!

Tasnifu_Ngumu: Kumbukumbu za Mannerheim zipo kwa Kiingereza, nitalinganisha. Halafu pendekezo nimeshalipeleka idarani.

Mama_Shubiri: Kumbe umeshaamua.

Jicho_Kali: Wakuu, mnakunywa chai. Juzi juzi huyu alifungua uzi akiwa dereva wa bodaboda anayeomba ushauri wa mahari.

Tasnifu_Ngumu: Bodaboda na shahada vinagombana? Ada unadhani inatoka wapi?

Fundi_Reli: Mahari ilifika ngapi?

Mzee_wa_Nyaraka: Chai au si chai, swali la maana ni hili. Agosti 1944 Mannerheim akawa rais, Septemba Ufini ikavunja uhusiano na Ujerumani. Kati ya hapo Erfurth aliripoti nini Berlin? Kitabu chake kiliandikwa akishajua mwisho wa mchezo, na kila mtu ni nabii baada ya mechi. Tafuta ripoti alizoandika siku zile zile. Nyaraka za kijeshi za Ujerumani ziko Freiburg. Ukizipata, msimamizi atanyamaza. Ukizikosa, punguza hoja: andika jinsi Erfurth alivyojieleza baada ya vita. Hiyo nayo ni tasnifu.

Tasnifu_Ngumu: Freiburg! Nauli nani analipa?

Kiroboto: Uza bodaboda.