Dropdauni ya wilaya: difolti iwekwe na PHP au Javascript?

Mwanjelwa_Kodi: Wakuu, poleni na baridi. Natengeneza fomu ya kusajili wakulima wa viazi mkoa wetu wa Mbeya, sasa karani akifungua taarifa za mkulima azirekebishe nataka dropdauni (orodha ya kuchagua) ya wilaya ije imeshachagua ile iliyoko kwenye databesi. Kuna PHP, inayoandaa peji kwenye seva, kuandika selected (alama ya kuchaguliwa) kwenye option humo humo kwenye lupu ya kuorodhesha wilaya, au peji ishuke kawaida halafu Javascript, inayokimbia kwenye brauza, ndo iseti. Mnatumia ipi?

binti_kihesa: Kamwene! PHP bila kujiuliza.

`$chaguo = $_POST['wilaya'] ?? $mkulima['wilaya_id'] ?? '';`

alafu ndani ya foreach:

`<option value="<?= $w['id'] ?>" <?= (string)$w['id'] === (string)$chaguo ? 'selected' : '' ?>>`

Hiyo (string) usiitoe, kinachotoka kwenye POST (fomu iliyotumwa) ni maandishi na cha databesi kinaweza kuwa namba, === inalinganisha hadi aina ya data, ikikutana na "3" na 3 inakataa, difolti haiji na eror huoni.

uyole_junior: mi Javascript tu, select.value = '3' imeisha hiyo, HTML inabaki safi

binti_kihesa: @uyole_junior safi ukiwa mjini mdogo wangu. Huko Umalila mtandao unasuasua, skripti haijafika karani kashaona wilaya ya kwanza kwenye orodha na kashabonyeza sevu.

Fundi_Mafinga: Dada yuko sahihi ila kuna pabaya zaidi hamjapagusa. Mbozi ilikuwa Mbeya mpaka mkoa wa Songwe ulipomegwa 2016. Kama una rekodi za zamani za watu wa Mbozi na orodha yako umeweka wilaya za Mbeya ya sasa tu, hakuna option inayolingana, kwa hiyo hakuna selected inayoandikwa, na brauza inachukua ya kwanza kimya kimya. Karani kaja kubadili namba ya simu tu, anasevu, mtu wa Mbozi kahamia Chunya! Hapo nampa junior haki yake kidogo, ukiseti value isiyokuwepo kwa Javascript dropdauni inabaki tupu, angalau unashtuka.

Dawa: option ya kwanza iwe value="" imeandikwa "Chagua wilaya", na kwenye select weka required.

uyole_junior: 😂 asante kwa hiyo kidogo. Ila mbona mimi nikiandika selected="false" bado inachaguliwa?

Fundi_Mafinga: Brauza haisomi hiyo false, neno selected likiwepo tu basi imechaguliwa. Hutaki, usiliandike kabisa. Na ukitest kwa Firefox ukarefresh ukaona chaguo la zamani limeng'ang'ania usianze kulaumu PHP, inakumbuka ulichochagua, weka autocomplete="off" kwenye form.

Mwanjelwa_Kodi: Nimewaelewa, naenda na PHP na option tupu juu. Sasa hawa wa Mbozi niwafute?

Fundi_Mafinga: Usifute mkuu! Thamani ya zamani ikikosekana kwenye orodha, PHP iiongeze kama option ya ziada, "Mbozi (Songwe)", iwe selected. Kuwahamisha ni kazi ya mwenye data, sio ya fomu.