Tupeane uzoefu: wasichana tumejaa mjini, wavulana wako machimboni, tunaoanaje?

#1 (Mbagala)
Habari zenu wapendwa. Nina miaka 31, nauza vitenge. Kila nikienda kwetu Mufindi naulizwa mchumba yuko wapi. Jumapili nimewahesabu wanakwaya wenzangu: sauti ya kwanza na ya pili tuko 22, besi wawili, na mmoja wao ana wajukuu. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 2,783,710 na wanaume 2,600,018 Dar es Salaam. Kwa jiji zima pengo si kubwa kama linavyokuzwa, maana hata nchi nzima wanawake ni asilimia 51. Ila mtu haolewi na jiji zima, anaolewa na wale anaokutana nao. Darasani kwetu, tulipomaliza la saba, wasichana wengi tuliletwa Dar kufanya kazi za ndani. Wavulana wakabaki kwenye mbao, wengine wakaenda kwenye dhahabu. Mlipo hali ikoje? Matusi hapana.

#2 (Chunya)
Dada, sisi ndio hao wavulana. Nina mwaka wa sita machimboni. Kambini tuko wanaume zaidi ya mia, wanawake ni mama ntilie wawili na wahudumu wa baa. Mwaka juzi wazee walinipelekea barua ya posa kwa binti wa kijijini kwetu aliyeko Dar. Ikapokelewa, nikatoa kishika uchumba. Miezi kumi na minne tukaishi kwa simu, kuonana mara mbili tu. Hela ya huku haina tarehe. Unachimba miezi mitatu, mawe yakishapita kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, unaambulia ya kulipa deni la chakula. Nikawa namwambia vumilia, akavumilia kweli. Siku moja akaniandikia: "Kaka, umri unaenda." Alikuwa hajawahi kuniita kaka. Niliusoma ule ujumbe nimekaa juu ya kiroba cha mawe, nikajua imekwisha. Simlaumu. Mahari iliyobaki ningeitoa wapi?

#3 (Mufindi)
Wanangu, mimi ni mzazi. Kijana wangu ana miaka 29, amejenga vyumba vitatu, bati mpya, kwa hela ya kupasua mbao. Anapika mwenyewe, anakula mwenyewe. Mabinti wa rika lake huja Krismasi, mwaka mpya ukiingia tu wanagombania basi la kurudi. Wengine huja na mtoto mgongoni, wakiondoka wanamwacha kwa bibi. Hapa kwangu tunalea wawili wa binti yangu, mke wangu anawabeba kwa zamu na magoti yake mabovu. Nilimwambia kijana, oa hata mwenye mtoto, mtoto ni baraka. Akanijibu, "Baba, watu watasema nini?" Niliumia sana, maana wajukuu zangu ni haohao watoto anaowaogopa.

#4 (Kwale, Kenya)
Kwetu ni Saudia. Mke wangu alienda kufanya kazi za nyumbani kwa mkataba wa miaka miwili, ukaisha, akaongeza. Wavulana wa hapa wanakaa maskani, wenzao wa kike wanashughulikia pasipoti. Mwanangu humwona mamake kwenye simu, na simu ikikatika hulia mpaka alale. Pesa inakuja, nyumba imesimama, siwezi kusema uongo. Lakini nilitaka watoto watatu, na sijui tutampata lini wa pili.

#1 (Mbagala)
Kaka wa Chunya, pole sana. Nami nimewahi kumwambia mtu umri unaenda, na sikulala usiku ule.
Baba wa Mufindi, shikamoo. Mwanzoni sikusema yote. Nina binti wa miaka saba, yuko huko kwa mama yangu. Sikuandika kwa kuogopa hayohayo maneno ya watu. Mwanaume akinijia nampa mwezi mzima kabla ya kumwambia, na wengi wao huishia siku hiyo ninayomwambia.