Kompyuta zinagoma kila ifikapo saa nne asubuhi, naombeni msaada

waya_mwanza: Wakuu habari za leo. Nasimamia mtandao wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Tuna kompyuta 22, printa tatu, na seva ya mauzo yenye anwani (namba ya kifaa kwenye mtandao) 192.168.10.5. Ruta ndiyo inayogawa anwani. Wiki ya pili sasa, tukifungua asubuhi kila kitu kiko sawa, ila kuanzia saa nne hivi kompyuta moja moja zinagoma: seva haionekani, intaneti hakuna. Mafundi wa laini wamekuja mara mbili, wanasema kwao hakuna shida. Bosi keshaanza kuzungumzia ruta mpya. Nianzie wapi?

kijana_swichi: Badili ruta mkuu. Hizo ndogo zikizidiwa na watu zinachoka.

mzee_poti: Usinunue kitu kwanza. Nenda kwenye kompyuta iliyogoma, usiizime, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika `ipconfig /all` kisha tazama anwani yake. Ikianza na 169.254, maana yake iliomba anwani na hakuna aliyeijibu. Hapo kagua kebo, swichi (kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao), au kama anwani za kugawa zimekwisha. Ila ikiwa na anwani ya ukoo mwingine, yaani si 192.168.10, basi kuna mgawaji wa pili humo ndani. Kompyuta ikiwaka huuliza mtandao mzima nani ataipa anwani, na kwa kawaida huchukua jibu la kwanza. Angalia pia mstari wa DHCP Server (DHCP ndio huo ugawaji wa anwani), utamwona aliyeijibu.

Nasema hivi kwa uchungu. Kiwanda kimoja Tanga nilipoteza siku mbili, nikabadili swichi nzima kwa fedha za watu, kumbe kiruta kiko chumba cha walinzi.

waya_mwanza: Mzee, umepiga penyewe! Inasoma 192.168.0.104, na mgawaji ni 192.168.0.1. Sisi hatuna kitu hicho. Nakipataje? Jengo lina ghorofa mbili.

mzee_poti: Kwenye kompyuta hiyohiyo fanya `ping 192.168.0.1` (unakibishia hodi uone kama kinajibu), halafu `arp -a`. Utapata namba ya MAC ya hicho kifaa, yaani namba ya utambulisho iliyowekwa kiwandani. Tarakimu sita za mwanzo mara nyingi zinakutajia kampuni iliyokitengeneza. Kama swichi yako ina ukurasa wa kuisimamia, fungua jedwali la MAC, litakuonyesha namba hiyo imeingilia poti (tundu la kebo) gani. Kama ni swichi ya kawaida isiyo na ukurasa, acha `ping -t 192.168.0.1` iendelee, mtu mmoja akodolee macho skrini, wewe chomoa kebo moja moja pale kwenye swichi. Jibu likikatika, umempata. Fanya mchana wa chakula, wateja wakipungua.

waya_mwanza: Nimekipata. Kebo ya 14, ofisi ya mhasibu. Alileta ruta ya nyumbani kwake maana Wi-Fi haifiki kule nyuma, akachomeka waya wa ofisi kwenye tundu la LAN (la upande wa ndani, ambako ruta hugawa anwani). Anaiwasha akifika, saa tatu na nusu. Nimeichomoa, nikaandika `ipconfig /release` na `/renew` kwenye zilizogoma, zote zimerudi.

mzee_poti: Safi sana. Sasa usimgombeze mhasibu. Alikuwa na shida ya kweli, na ukimnyang'anya tu, mwezi ujao ataileta nyingine kimyakimya. Kama hamna fedha ya kifaa kipya, tumia hiyohiyo yake: zima DHCP ndani yake, ipe anwani kama 192.168.10.250 ambayo ruta yenu haigawi, weka nywila mpya, kisha irudishe kwenye tundu lilelile la LAN. Itakuwa inasambaza Wi-Fi tu.

Na siku mkinunua swichi, chukua yenye DHCP Snooping. Unaiambia poti iliyounganishwa na ruta ndiyo pekee inayoaminika kugawa anwani. Poti nyingine ikijaribu, majibu yake yanatupwa. Ila usisahau kuiamini poti hiyo moja kabla ya kuwasha Snooping, la sivyo hakuna atakayepata anwani dukani.

kijana_swichi: Nimejifunza, mzee. Nilikuwa nimekimbilia kwenye ruta.

waya_mwanza: Nimeshazima DHCP, nimeipa .250. Mhasibu anapata Wi-Fi, seva inaonekana. Kesho saa nne nitarudi kuwapa taarifa.